Mama wa Karata na Maulizo Yetu

Watu wengi walifika kwa mama wa karata wakidhani watapewa majibu, wakakuta kwanza wanarudishwa shule. Aliwakalisha kwenye kiti cha plastiki, akaweka karata katikati ya meza zikiwa bado zimefungwa ndani ya kipande cha kitenge, halafu akaendelea na kazi yake nyingine, kuchambua maharage au kuchuma majani ya mhogo, yale tunayoyaita sombe, kwenye vijiti vyake. Bila kuinua macho aliuliza: "Bon. Ulikuya na ulizo gani?"

Mtu akitoa swali lake, mama alitikisa kichwa. "Hapana. Tengeneza tena."

Mimi nilikuwa mpangaji wake. Lupango lake, yaani kiwanja chake chenye ukuta na nyumba ndogo ndogo ndani, lilikuwa Naviundu, pembezoni mwa Lubumbashi, si mbali na mto. Nilifundisha darasa la tano katika shule ya msingi ya mtaani, na dirisha langu lilitazamana na dirisha la chumba chake cha karata. Kwa miaka yote niliyokaa pale nilisahihisha kazi za watoto huku nikisikia maswali ya watu wazima. Naweza kusema ya watoto yalikuwa na nafuu.

Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Mtaa wote ulimwita mama wa karata, hata wale waliomsema vibaya. Alikuwa mwanamke mnene wa wastani, mwenye miguu iliyovimba jioni, na uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya usingizi kuisha. Sikumbuki siku niliyomwona amepumzika kweli. Hata akiwa ameketi, alikaa kama mtu anayengojea kuitwa.

Karata zenyewe zilikuwa za taroti, zile za kupigia ramli, kubwa kuliko zile za kuchezea, na kila moja ilikuwa na picha: mwezi na mbwa wawili, mtu aliyening'inizwa kwa mguu mmoja, mfalme juu ya kiti, kijana anayetembea na kifurushi begani. Kingo zake zililika kwa kushikwashikwa. Alizipata wapi? Kila aliyeuliza alipewa hadithi yake. Jirani mmoja aliambiwa ni zawadi ya mama mmoja Mgiriki. Mwingine aliambiwa msafiri alizisahau ndani ya treni. Mimi aliniambia alizikuta sokoni kwenye fungu la vitu vya mitumba, mwuzaji akidhani ni mchezo wa watoto. Niliamini hiyo ya tatu, kwa kuwa haikumpamba.

Swali alilolichukia kuliko yote ni lile la "lini". Lini nitapata kazi, lini ataniposa, lini visa itatoka. "Lini ni ya kalendari," alisema. "Mimi sina kalendari hapa, niko na picha tu." La ndiyo au hapana nalo hakulipenda. Asubuhi moja msichana mmoja aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa mwisho wa sekondari aliuliza kama atafaulu. Mama akamsogezea kikombe cha chai.

"Nikikuambia ndiyo, utasoma tena?"

"Sijue, Mama."

"Nikikuambia hapana, utasoma?"

Msichana akazungusha kikombe mezani.

"Unaona. Jibu yote mbili itakuharibia kazi. Uliza kintu yenye itakusaidia kesho asubuhi."

Msichana akafikiri mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo: "Juu ya nini kila nikifungua kitabu ninalala?" Hapo ndipo mama alipofuta mikono na kufungua kitenge. Sikusikia alichosomewa, maana walisogeza viti wakawa kama wanasengenya. Nilimwona tu msichana akitoka amelia na amekasirika kidogo, na tangu siku ile akawa anakuja kusomea kwenye kibaraza chetu, kwa sababu kwao kulikuwa na ulevi na kelele. Mama hakumwalika wala hakumfukuza. Alimwekea kikombe cha munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, akampita bila neno.

Siku nyingine alikuja mwanasheria, bwana wa tai na viatu vya kung'aa, na swali lililonyooshwa kama shati lake. Aliuliza kwa Kifaransa kirefu ni nguvu zipi zilizofichika zinazoongoza safari yake ya ndani. Mama alimwacha amalize.

"Ulizo muzuri," akamwambia. "Lakini haina mwenyewe. Nani anauliza? Ni wewe, ao ni hii kravati?"

Bwana yule alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema kwamba mtoto wake mkubwa hamsalimii tena. Wakaanzia hapo.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na ulimi mkali, na wapangaji wawili walihama kwa sababu ya ulimi huo. Aliogopa radi kiasi cha kujifungia chini ya meza, na radi za Lubumbashi mwezi wa kumi na moja si chache. Yeye aliyewakataza watu wasiulize hovyo, aliuliza hovyo kutwa nzima: mvua itanyesha lini, nani amehamisha ndoo, yule jirani anapika nini leo, makaa ya kupikia yatashuka bei ama hayatashuka. Siku moja nilimtania, nikamwambia maswali yake mwenyewe yangehitaji kutengenezwa tena. Akanijibu: "Muganga wa meno naye anakula sukari. Niache."

Kisha kulikuwa na kanisa. Kila asubuhi alihudhuria misa ya kwanza, na kila asubuhi alikaa benchi la nyuma kabisa, wala hakwenda kupokea komunyo. Padri hakumkataza kwa maneno. Ni yeye aliyejikataza. Nilipomuuliza kama anaamini kwamba karata ni dhambi, alifikiri huku akikaza kilemba. "Sijue kama ni zambi. Najua tu ya kwamba Mungu hanijibu kwa sauti, na bantu wanapiga hodi asubuhi yote. Sasa nifanye je? Niwafungie mulango?" Yeye mwenyewe hakuwahi kujisomea, si mara moja. Alisema mtu hawezi kujikuna mgongo na kushika kioo kwa pamoja.

Swali langu mimi lilichukua muda mrefu kutoka. Mke wangu alikuwa akifanya biashara ndogo ya nguo za mitumba kupitia Sakania, ule mji wa mpakani penye reli ya kuelekea Zambia. Safari zake zilikuwa za wiki, zikawa za mwezi, na ile ya mwisho hakurudi. Simu yake ikawa inaita bila kupokewa, baadaye haikuita. Nikaishi na sahani mbili mezani. Majirani wakiniuliza, nasema yuko njiani. Mama wa karata alikuwa akiona yote hayo kupitia dirisha lake kama nilivyokuwa nikiona ya kwake, na hakusema kitu mpaka nilipovuka ua mwenyewe, Jumapili moja mchana, nikaketi kwenye kile kiti.

"Mama, muke yangu atarudia lini?"

"Mwalimu. Ata wewe?"

"Basi, atarudia ao hatarudia?"

"Hiyo ni ulizo yake. Iko ku mikono yake kule Sakania. Mi siwezi kufungua karata za muntu mwenye hayuko hapa. Ni kama kuingia mu nyumba ya bantu kama hawako. Tengeneza tena."

Nikakasirika. Nikamwambia nimechoka, sina nguvu za kutengeneza sentensi, kazi hiyo naifanya wiki nzima darasani. Akaacha maharage yake, jambo lisilo la kawaida.

"Naona umechoka. Unachoka juu ya kungojea, haiko juu ya kazi. Sasa uliza juu ya ule mwenye kungojea."

Nje mtu alikuwa akipiga nyundo kwenye bati. Nikasema, na sauti yangu ikanishangaza: "Naogopa nini nikienda kumutafuta?"

Akafungua kitenge. Alitandaza karata tatu, na nakumbuka mojawapo ilikuwa ya yule mtu aliyening'inizwa kwa mguu, ambaye uso wake haukuonyesha maumivu. Mama aliuliza kama namwona amefungwa au amejifunga. Nikatazama kamba vizuri. Nikasema sijui, lakini anaonekana amezoea. "Njo vile," akasema. Zaidi ya hapo hakunieleza mengi. Likizo ilipofika nikapanda treni.

Mke wangu nilimkuta bila shida, karibu na stesheni, amekaa nyuma ya fungu la makoti. Alikuwa mzima. Aliniambia bila ukali kwamba amechoka kurudi kwenye nyumba ambamo hakuna anayeongea, na kwamba ana maisha mengine sasa. Alininunulia chakula, tukala pamoja kama wasafiri wawili waliokutana, nikarudi Lubumbashi. Iliniuma, tena kwa muda mrefu. Lakini niliondoa sahani ya pili. Nawafahamu wanaume ambao mpaka leo wanaziosha zote mbili.

Nilipomsimulia mama, hakusema "nilijua". Alisema tu: "Pole, Mwalimu. Kula sombe, iko pale."

Kuna swali moja ambalo hakulitengeneza wala kulicheka. Hilo alilikataa kabisa. Ni swali la "nani". Nani ananiroga, nani alifunga kizazi cha dada yangu, nani alimkula baba kwa uchawi. Mjini kwetu swali hilo linaweza kumwua mtu kabla jua halijatua, na anayeuliza huwa tayari ana jina mfukoni. Anachotafuta ni muhuri.

Walikuja ndugu watatu, watoto wa fundi mwashi wa barabara ya chini. Kaka yao mkubwa alikuwa amefukiwa na udongo alipokuwa akichimba madini kwa mkono nje ya mji. Walikuwa bado wamenyoa vichwa. Waliketi wote upande mmoja wa meza, na yule wa katikati akasema: "Mama, tunataka kujua nani alimukula ndugu yetu mukubwa."

"Udongo ilimuangukia," mama akasema.

"Udongo iliangukia yeye peke yake. Benzake balitoka. Nani aliituma?"

Wote mtaani tulijua wanamfikiria nani. Nyumbani kwao kulikuwa na bibi yao, mama wa baba yao, mzee sana, aliyekuwa akiongea peke yake na kulala mchana. Mama wa karata aliwashika asubuhi nzima. Nilikuwa dirishani na kalamu imekauka mkononi. Aliwaomba waulize wataishi vipi na kifo hiki. Aliwaomba waulize wamsaidie vipi mjane. Aliwaomba, na yeye hakuwa mtu wa kuomba, waulize hata lini, hata ndiyo na hapana. Hawakutaka.

"Hatukukuya kufundishwa kuuliza," yule wa katikati akasema akiinuka. "Karata iko pale. Kama hautaki, kuko benye wanataka."

Wakaenda kwa nabii mmoja wa kanisa la maombi, na huko walipewa jina walilokuwa nalo. Mchana ule ule godoro la bibi lilikuwa limetupwa barabarani na bibi amekaa kandokando ya mto, kiatu kimoja mguuni. Watu walipita mbali. Mama wa karata alitoka na miguu yake iliyovimba, akamfuata, akamshika mkono, na akampandisha barabara nzima akiwa amebeba godoro kichwani, huku akitukana nyumba moja baada ya nyingine. Hakuna aliyemjibu. Alimweka bibi katika chumba kilichopakana na changu.

Bibi alikaa nasi misimu kadhaa ya mvua. Alikuwa na tabia ya kunisalimia kwa jina la mwanawe aliyekufa zamani, na mimi nikaitikia. Lakini mama wa karata hakuwa yule yule tena. Alipunguza kupokea watu. Siku moja, tukiwa tumekaa kuota jua, msimu wa baridi, aliniambia jambo ambalo naona alikuwa amelibeba tangu asubuhi ile.

"Ningesema uongo, Mwalimu. Karata zilikuwa pa meza. Ningezitandaza, niseme: hakuna muntu, ni udongo, karata zinaonyesha udongo. Bangeamini. Balikuwa tayari kuamini kila kintu yenye ningesema. Lakini mi nilikuwa na kiburi ya ulizo muzuri. Nilichunga karata zangu, sikuchunga bibi."

Nilitaka kumwambia kwamba hakukosea, kwamba siku nyingine wangerudi na jina lile lile. Sikuwa na hakika. Baada ya muda ikaja familia nyingine na swali la aina hiyo, mtoto amekufa kwa homa, na macho yao kwa shangazi fulani. Safari hii mama hakumwambia mtu atengeneze tena. Alitandaza karata haraka, bila hata kuzitazama, akasema kwa sauti ya amri: "Hakuna muntu. Ni malaria. Inaonekana wazi. Muende mukalilie mutoto wenu." Wakaondoka wakiwa wamelegea. Yule shangazi anaishi hadi leo, anauza samaki. Mama alikaa kitini mpaka jioni, akasema mgongo unamwuma. Sijui kama alikuwa na furaha. Alionekana kama mtu aliyevunja sahani yake nzuri ili kupata kigae cha kukatia kamba.

Bibi alipofariki, alifariki kwa uzee, usingizini, saa ambazo jogoo wanaanza. Familia yake ikaja, kama familia zinavyokuja. Waliweka turubai, walileta ngoma za kanisa, walilia kwa sauti iliyofika mtoni. Mama wa karata aliwaazima viti vyake vyote na sufuria kubwa ya bukari, ule ugali wetu, akaketi kando. Siku ya mwisho ya matanga, mdogo wa wale ndugu watatu alimjia. Alikuwa amekonda. Alipiga magoti mbele yake, jambo lililowafanya wengine wageuze macho.

"Mama, tulimufukuza. Sasa tutafanya nini?"

Lilikuwa swali zuri. Nilimtazama mama nikitegemea aende kuleta kitenge. Hakuinuka. Aliweka mkono juu ya kichwa cha kijana, akauacha pale.

"Leo nimechoka, mutoto yangu," akasema. "Simama. Saidia kurudisha biti."

Kijana akasimama, akabeba viti mpaka giza likaingia.

Mimi nilihama baadaye, nikapata kipande cha ardhi huko Annexe, mbali, ambako bado tunalima mahindi kati ya nyumba. Naviundu ikawa safari ya mabasi mawili. Nilimtembelea wakati wa sikukuu, kisha wakati wa sikukuu fulani fulani. Nilisikia kisukari kimemshika. Nilisikia mwanawe, aliyekaa mbali miaka yote ile, amehamia nyumba kubwa ya lupango na familia yake, na kwamba haruhusu tena wateja. Nikajiambia nitakwenda.

Nilikwenda mwaka huu, mwezi wa saba, baridi ikiwa kali na vumbi jekundu limekaa juu ya kila jani. Walikuwa wamemtolea mkeka juani, akaegemea ukuta na blanketi miguuni. Macho yake yalikuwa yamefunguka lakini yalitazama pembeni yangu. Mkwewe alinong'ona kwamba anaona mwanga tu, na mara nyingine hata huo hauoni.

"Shikamoo, Mama."

"Mwalimu," akasema papo hapo. "Bado unatembea kama muntu mwenye kuogopa kukanyaga kuku."

Tulizungumza ya kawaida. Niliulizia miguu yake, akaulizia mahindi yangu. Alichoka haraka, akawa anakatisha maneno katikati na kuyaacha hapo. Kisha akapapasa chini ya blanketi na kutoa kile kitenge, akaniwekea mapajani.

"Fungua."

Nikafungua. Karata zilikuwa laini kama nguo. Nikamwuliza anataka nifanye nini, mimi sijui kusoma hata moja. Akasema nigeuze ya juu nimwambie picha.

"Na ulizo ni gani, Mama?"

Akapapasa kingo za karata mapajani mwangu.

"Sina ulizo," akasema. "Nilisikia za bantu mpaka yangu ikapotea. We nielezee tu. Nataka kusikia muntu ananielezea."

Nikageuza ya kwanza. Nikamwambia ni mwezi, na mbwa wawili wanaubwekea, na kitu kama kaa kinatoka majini. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Nikageuza ya pili, nikasita. Ilikuwa ya mnara unaoungua, radi imepiga kilele chake na watu wawili wanaanguka kichwa chini. Nikafikiri niseme kingine. Mkono wake ukanigusa goti.

"Sema yenye unaona."

"Nyumba inaanguka, Mama. Radi imeipiga. Bantu wawili wanaruka inje."

Akacheka, kicheko kidogo kilichomalizika kwa kikohozi, na mkwewe akachungulia mlangoni kuona kuna nini. "Bantu wenye akili," akasema akijifuta mdomo. "Balitoka mbio. Ingine."

Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa ukuta. Nikamvutia blanketi mpaka kifuani, nikageuza nyingine.

"Hapa kuko mwanamuke," nikamwambia. "Amepiga magoti pembeni ya mto, na mitungi miwili. Anamwanga maji."

"Maji iko mingi?"

Nikaisogeza karata karibu na macho nitazame vizuri.

"Mingi, Mama," nikasema. "Iko mingi."